Sikio la Kulia

Gia ya nne ilianza kunung'unika.
Si kwa sauti. Kama mgeni anayesema pembeni
kwamba chai haina tangawizi, na bado anainywa.
Wiki ya pili, ya tano ikakataa kukaa:
nabonyeza, kimya; nabonyeza tena,
mnyororo unaruka meno mawili kwa mpigo,
na pale mwinuko wa Kangemi, jioni,
malori yakinipulizia moshi kisogoni,
mguu unakanyaga hewa,
kifua kinakwenda kuusalimu usukani.

Mimi ni muuza dawa, Westlands.
Siku nzima watu huniletea dalili kaunta
nami huwauliza: tangu lini?
Umekula nini? Ulianguka?
Baiskeli yangu sikuiuliza kitu.
Niliikabili na bisibisi.

Skrubu mbili ndogo za nyuma, nikazizungusha zote,
hii nusu, ile robo, hii niirudishe –
niirudishe wapi? Sikuwa nimeweka alama.
Kesho yake mnyororo ukapita mpaka kwenye spoku,
ukakwama kama mfupa wa samaki kooni.
Nikatembea toka Mountain View hadi Uthiru,
begani kilo tisa za alumini,
na aibu yangu, ambayo sikuipima.

Kerubo ana kibanda nyuma ya soko la Kawangware,
ukuta mmoja na mashine ya kusaga.
Hakushika spana.
Aliitundika kwenye ndoano, akazungusha pedeli kwa mkono,
akasikiliza, unga ukitutulia nywele,
mashine ikinguruma, sijui alisikiaje.
"Hizi skrubu nani alizichezea?"
Nikayatazama mahindi.
"Hizi ni kuta mbili za mwisho, mama.
Zinazuia mnyororo usitoke nje ya nyumba.
Hazipangi vyumba."

Akazirudisha. Akaivuta kebo, akachungulia ganda lake:
hakuna kutu, hakuna uzi uliokatika.
Kisha kile kifundo pale waya unapoingilia,
robo mzunguko, basi, kama anayekoleza taa.
Ya nne ikanyamaza. Ya tano ikakaa.
Nikatoa pesa.
"Subiri."
Ya kwanza ikalia. Ya kumi ikalia.
"Unaona? Ukiponya katikati, pembeni panaugua.
Ukiponya pembeni, katikati panaanza.
Hapo si waya tena. Hapo kuna mfupa."

Akachuchumaa nyuma, akafumba jicho moja
kama fundi anayepima boriti.
"Iliangukia kulia. Lini?"
"Haijaanguka."
"Mama."
"Haijaanguka, mimi peke yangu ndiye ninayei–"

Mumo.
Jumapili ile aliiosha bila kutumwa,
akaifuta hadi kwenye pedeli.
Niliwasimulia majirani. Mezani
nilimwongezea nyama, miaka kumi na mitatu,
akala ameinamia sahani.
Mficha maradhi, walisema wahenga,
na wote tunajua kinachomfichua.
Kwetu kilio kilikuwa gia ya nne.

Kerubo akafungua mkono wa gia,
akafunga chuma kirefu kwenye lile sikio la fremu,
kipande kisichozidi dole gumba.
Akalipima na ukingo wa gurudumu: juu, chini, mbele, nyuma.
Akapinda kidogo. Akapima.
Akapinda tena, kidogo kuliko kwanza,
ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.
"Alumini husamehe mara moja," akasema,
"pengine mbili. Usiizoee."
Mia tano.

Mumo alikuwa langoni niliporudi.
Nilizunguka ua nikikanyaga, nikizipitia zote kumi,
tak, tak, tak, kila moja na chumba chake.
Alilitazama gurudumu la nyuma, hakunitazama mimi.
Sikumuuliza tangu lini.
Nilimwita tu, nikamwonyesha inavyolazwa chini:
kwa kushoto, upande usio na kitu cha kupinda.
Akaishika. Akailaza taratibu mno.
"Na ikiangukia kulia?"
"Unaniamsha," nikasema.
"Hata kama ni usiku."